Ndoo ya mchicha na akili ya mzee: hasa kinachotibu ni nini?

Mwaka 1976 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Ellen Langer na Judith Rodin, walichapisha matokeo ya jaribio walilolifanya katika makazi ya wazee ya Arden House, jimbo la Connecticut. Msimamizi wa makazi aliwakusanya wazee wa ghorofa moja akawakumbusha kwamba mambo yao yamo mikononi mwao: samani za chumbani wazipange wapendavyo, malalamiko wayaseme, na wiki ijayo kuna sinema siku mbili, kila mtu achague siku yake au asiende kabisa. Kisha akapitisha sanduku lenye miche. Anayetaka achague wake, na kuutunza ni juu yake. Wazee wa ghorofa nyingine nao waliitwa, wakasemeshwa kwa upole uleule, wakapata sinema na miche. Ila wao siku ya sinema walipangiwa, mche walikabidhiwa, na wakaambiwa wasijisumbue, manesi watamwagilia.

Baada ya wiki tatu manesi, ambao hawakujua jaribio linahusu nini, walitoa tathmini zao. Katika kundi la kwanza asilimia 93 walionekana kupata nafuu: wamechangamka, wanatembeleana, wanakaa na kuzungumza. Katika kundi la pili asilimia 71 walionekana wamezidi kudhoofika.

Makundi yote mawili yalikuwa na mche chumbani. Hapo ndipo penye fundo. Kama ukijani wenyewe ungekuwa dawa, wote wangepata nafuu.

Jaribio hilo lina kasoro zake. Wazee wa kundi la kwanza walipewa mamlaka juu ya mambo kadhaa, mche ukiwa mmojawapo, kwa hiyo huwezi kuupa mche sifa zote. Watafiti waliporudi baada ya miezi 18 walikuta wamefariki 7 kati ya 47 upande wa kwanza na 13 kati ya 44 upande wa pili, na habari ikaenea kwamba kumwagilia mche huongeza umri. Baadaye wenyewe walitoa masahihisho: hesabu ilikosewa, na tofauti hiyo ya vifo haikuwa na uzito wa kitakwimu walioutangaza mwanzoni. Hata hivyo swali lao bado linatuhusu. Mzee anayelima ndoo tatu uwani, kinachomtuliza ni nini? Udongo? Jua? Jasho? Mboga yenyewe? Au ni kule kuwa na kitu ambacho bila yeye hakiendi?

Mimi naegemea hilo la mwisho. Lakini kwanza tuyapitie yanayosemwa sana.

Bakteria wa furaha

Kila baada ya muda ujumbe huzunguka kwenye simu kwamba udongo una bakteria wanaoleta furaha, hivyo ukishika udongo huzuni inakwisha. Chanzo chake ni cha kweli, na kina mkono wa Afrika Mashariki. Bakteria anayetajwa ni Mycobacterium vaccae, na aina inayotumika zaidi maabara ilitoka kwenye udongo wa Uganda. Mwaka 2007 Christopher Lowry na wenzake walieleza jinsi walivyowadunga panya bakteria hao, wakiwa wameshauawa kwa joto, wakaona seli za ubongo zinazohusika na serotonini, kemikali inayochangia hali ya moyo, zimeamka. Panya hao walipotiwa majini walipambana kuogelea kuliko wenzao, jambo ambalo watafiti hulisoma kama dalili ya kutokata tamaa.

Ni kazi nzuri. Lakini sindano si jembe, na panya wa maabara si bibi anayepalilia matembele kule Tandika, Dar es Salaam. Anayekuambia udongo wa uwani ni dawa ya sonona, yaani huzuni iliyogeuka ugonjwa, ameruka hatua nyingi sana katikati.

Jua la asubuhi lina hoja yenye nguvu zaidi. Mwanga huo huipanga saa ya mwili, na mzee anayeshinda ndani mchana kutwa mara nyingi hukesha usiku. Kujongea nako kuna hoja. Shirika la Afya Duniani linawashauri wenye miaka 65 na zaidi wapate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, pamoja na mazoezi ya kulinda mizani ya mwili wasianguke. Kubeba kopo la maji, kuinama, kuinuka, kunyoosha mkono kufikia jani: hayo ni mazoezi ambayo hakuna mzee atakayeyaita mazoezi, na ndiyo uzuri wake. Ila jua na kutembea mzee anavipata pia akienda msikitini, kanisani au dukani. Bustani inaongeza nini juu ya hapo?

Uholanzi walijaribu kulipima hili. Mwaka 2011 Agnes van den Berg na Mariëtte Custers waliwachukua watu 30 wenye vishamba vya kukodi mjini, wakawapa kwanza kazi ya kuumiza kichwa ili wapandwe na msongo. Kisha nusu wakaenda kulima kwa dakika 30, nusu wakakaa ndani wakisoma. Kotisoli, homoni ya msongo inayopimika kwenye mate, ilishuka kwa wote, lakini ilishuka zaidi kwa waliolima. Na waliolima walirudi kwenye hali yao nzuri kabisa, ilhali wenzao waliokuwa wanasoma waliendelea kununa.

Nani alitangulia, afya au bustani?

Mwaka mmoja kabla ya hapo, van den Berg na timu yake walikuwa wamewalinganisha wenye vishamba hivyo na majirani zao wasio navyo. Wenye umri chini ya miaka 62 hawakutofautiana na majirani. Wenye 62 na kuendelea, wakulima walikuwa na hali bora karibu kwenye kila kipimo cha afya na utulivu. Inavutia: bustani inaonekana kuwafaa wazee kuliko vijana.

Lakini mtu mwenye akili ya kuuliza atasema: ngoja kwanza. Mzee ambaye magoti yamekufa na moyo umezama hawezi kwenda kulima. Huenda bustani haikuwapa afya, bali afya ndiyo iliyowapeleka bustanini. Ukiwalinganisha wanaolima na wasiolima mtaani kwako leo, huwezi kujua lipi ni lipi.

Njia ya kulitatua ni bahati nasibu: kati ya watu wote wanaotaka bustani, baadhi wapewe sasa na wengine wasubiri. Ndivyo ilivyofanyika Denver, Marekani, na matokeo yakatoka mwaka 2023. Watu 291 waliokuwa kwenye orodha ya kusubiri viwanja vya bustani za jamii waligawanywa kwa bahati nasibu. Waliopewa viwanja walikula nyuzinyuzi zaidi, wakajongea zaidi, na msongo na wasiwasi ukapungua, hasa kwa waliokuwa navyo vingi tangu mwanzo. Hao walikuwa watu wazima wa rika mbalimbali, si wazee peke yao. Kwa wazee kuna jaribio la Singapore la mwaka 2018, lenye watu 59 tu: baadhi walianza vipindi vya bustani, wengine wakasubiri zamu. Walioanza walionyesha kupungua kwa kemikali moja ya damu inayoashiria uvimbe wa ndani kwa ndani, na wakajiona wamekuwa karibu zaidi na watu wengine.

Basi si ndoto. Athari ipo, si kubwa ya kushangaza, na majaribio mengi ya aina hii ni madogo. Ninachotaka ukikamate ni hicho kilichojitokeza Singapore: ukaribu na watu.

Uwani

Nina jirani, bibi wa miaka sabini na kitu, aliyeletwa mjini na mwanawe baada ya kufiwa na mume. Uwani kuna ndoo za rangi za lita 20 zilizotobolewa chini, mifuko ya saruji iliyokunjwa mdomo, na beseni lililopasuka. Mchicha uko kwenye beseni, matembele yanatambaa ukutani, mrehani uko mlangoni, mchaichai kando ya bomba. Maji ya kuoshea mchele hayamwagwi, yanakwenda kwenye mchicha. Asubuhi mtoto wa nyumba ya pili anasukuma geti.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Mama yako hajambo?"

"Hajambo. Kanituma mchaichai."

"Chuma. Si hapo, utang'oa shina! Kamata majani ya nje, kata kwa kisu. Na mwambie mama yako nalitaka bakuli langu."

Katika dakika hiyo moja bibi ameamkiwa, ameombwa, amefundisha, ametoa na amedai. Miezi ya mwanzo alipokuwa anakaa sebuleni mbele ya televisheni akisubiri chakula, hakuna hata kimoja kati ya hivyo alichokipata. Watu walikuwamo nyumbani, wengi tu. Upweke wa wazee wetu wa mjini mara nyingi hautokani na kukosa watu. Unatokana na kukosa mtu anayekuhitaji.

Kibera, Nairobi, ambako sukuma wiki hupandwa juu na ubavuni mwa magunia ya udongo, utafiti wa Courtney Gallaher na wenzake uliochapishwa mwaka 2013 uliangalia jambo linalofanana na hili. Ulihusu kaya kwa jumla, haukuhusu wazee, lakini ulionyesha kwamba gunia la mboga linakwenda sambamba na mahusiano ya ujirani: kugawiana mboga, kupeana ushauri, kuaminiana.

Ongeza na umri wa watu wenyewe. Mtanzania mwenye miaka 70 leo alikuwa kijana wakati wa kampeni ya Kilimo cha Kufa na Kupona ya 1974 na 1975. Miaka ya 1980 mshahara wa serikali ulipokuwa haufiki katikati ya mwezi, walimu, makarani na wake zao Dar es Salaam walifuga kuku na kulima viwanja vilivyo wazi ili watoto wale. Kwa kizazi hicho kilimo cha mjini hakikuwa burudani hata siku moja. Ni ujuzi, na ni ushahidi kwamba walivuka. Unapompa mama kama huyo kipande cha uwa, unampa mahali ambapo yeye ndiye fundi na sisi ndio wanagenzi. Mwanawe anaweza kuwa na shahada mbili, lakini hajui kwa nini chainizi inaungua majani.

"Mama, pumzika"

Sasa turudi Arden House, ghorofa ya lile kundi la pili, kwa sababu wengi wetu ndiyo tunayoijenga nyumbani. Tunamleta mzazi mjini kwa mapenzi ya kweli. Tunamwambia: mama, umefanya kazi ya kutosha, sasa kaa, kila kitu utaletewa. Dada wa kazi anapika, anafua, anamwagilia maua. Kwa mila zetu hiyo ni heshima, na mtoto asiyefanya hivyo atasemwa. Lakini ni mpango uleule wa manesi watamwagilia.

Wanaume wanaingia humo kwa mlango mwingine. Mstaafu anaondoka ofisini na kiinua mgongo chake, na siku inayofuata simu haiiti. Wengi hutangaza kwamba wataanzisha bustani. Nimewaona wastaafu wakinunua mipira ya maji, mbolea na kofia pana, kisha wakamwajiri kijana afanye kila kitu huku wao wakisimamia kutoka kwenye kiti. Sicheki, au nacheka kidogo tu. Kwa aliyezoea kuongoza watu, kusimamia ndiko kunakomrudishia sauti yake. Mradi yeye ndiye anayeamua kipandwe nini, bustani bado ni yake.

Kisichofanya kazi ni kile nilichokiona kwenye uzinduzi wa bustani ya wazee ya mradi mmoja. Magunia yalijazwa na vijana wa mradi. Aina ya mboga iliamuliwa ofisini. Ratiba ya kumwagilia ilibandikwa ukutani, ina muhuri. Wazee walikaa kwenye viti vya plastiki wakiwa na fulana mpya, wakapigwa picha. Mvua ya kwanza ilipopita magunia yalikuwa na magugu, na lawama ikawaangukia wazee: eti hawana mwamko. Hakuna aliyewauliza kama wanakula spinachi.

Bustani inapogeuka mzigo

Wapenda bustani tuna tabia ya kusahau kwamba tafiti nyingi zilifanyika kwa watu wenye uhakika wa maji, ardhi na pensheni. Mzee anayelima kando ya mto Msimbazi, Dar es Salaam, ili apate chakula cha jioni yuko katika hali nyingine kabisa. Bonde hufurika. Ardhi si yake. Uchunguzi wa udongo na mboga za bonde hilo umewahi kukuta madini mazito kama risasi, kwa hiyo kuna na hofu ya kumlisha mjukuu sumu. Tanzania ilitunga kanuni za kilimo cha mjini mwaka 1992, zikaweka ukomo wa ekari tatu kwa mtu, lakini kanuni haziwapi usalama wale wanaolima bila karatasi yoyote. Kwa mtu huyo shamba linaweza kupunguza upweke na papo hapo likaongeza wasiwasi.

Mpangaji naye ana yake. Mwenye nyumba akiamua kujenga chumba kingine uwani, matembele yanafyekwa asubuhi moja. Wakati wa mgao wa maji, kama ule wa Dar es Salaam mwishoni mwa 2022, kila ndoo ya maji huleta ubishi nyumbani: ya kuoga au ya mchicha? Nadhani bustani ndogo sana inayohimili shida hizo ni bora kuliko kubwa inayomnyima mzee usingizi. Ndoo nne zinatosha. Anaweza kuhama nazo.

Kuna na mambo ya mwili. Ndoo iwekwe juu ya matofali au meza ili asiiname chini, na kiti kiwe karibu. Kazi ifanyike kabla jua halijakali. Chombo kiwe na matundu chini, na sahani ya kukinga maji isiachwe na maji yaliyotuama, maana mbu wa homa ya dengue huzaliana humo humo. Dar es Salaam iliona milipuko yake mwaka 2014 na 2019. Dawa za kupulizia wadudu asizishike kabisa.

Zao nalo lina uzito wake. Aliyezama moyo hana subira ya mwembe. Mchicha unachumwa ndani ya mwezi mmoja tangu kusia mbegu. Matembele hayahitaji hata mbegu: omba kipande cha mtambaa kwa jirani, kichomeke, mwagilia. Kule kuomba kipande kwa jirani ni nusu ya tiba, kwa hiyo usiwahi kumletea vyote kutoka dukani. Ukimuuliza akasema hataki mchicha, anataka njiwa au kuku watatu wa kienyeji, basi ni kuku. Hoja yangu yote inadai hivyo. Kuna wazee waliokulia mjini, mafundi cherehani na madereva wa malori, ambao kulima kwao ni adhabu ya shule ya msingi.

Ambapo bustani haifiki

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kama asilimia 14 ya wazee wanaishi na tatizo la afya ya akili, sonona na wasiwasi yakiongoza. Kwa wazee wetu sonona mara nyingi haiji ikilia. Inakuja kama mwili hauna nguvu, chakula hakipandi, usingizi umekatika, mgongo unauma na vipimo havionyeshi kitu. Familia husema ni uzee tu. Si uzee. Sonona inatibika kwa mazungumzo na mtaalamu na kwa dawa, na ndoo ya mchicha haishiki nafasi ya hivyo viwili. Inasaidia kando yake.

Bustani ina faida moja zaidi ambayo sioni ikitajwa: inaonyesha mabadiliko mapema. Mzee aliyekuwa anaamka na kopo la maji, akaacha wiki mbili bila homa wala safari, huenda amepoteza hamu, na kupoteza hamu ya kitu alichokipenda ni dalili kubwa ya sonona. Aliyepanda mbegu palepale alipopanda jana, au aliyesahau jina la mrehani, huenda kumbukumbu yake inahitaji kuangaliwa. Ukimpeleka kituo cha afya usimwambie daktari "bibi hajisikii vizuri" ukaishia hapo. Mwambie alikuwa anafanya nini kila siku, aliacha lini, na ni nini kilitokea nyumbani kabla ya kuacha. Na muulize bibi mwenyewe kwanza, maana pengine ameacha kwa sababu kopo limetoboka na amechoka kuwaomba mnunue lingine.